Kwa nini hongo na uongo vyote vinaitwa chai?

Swali: Mwalimu, habari ya kazi? Mimi ni Mkenya, mwenyeji wa Nakuru, nimehamishiwa Dar es Salaam kikazi. Kwenye kikao cha juzi meneja wetu alieleza kwa nini gari la mradi lilikaa Morogoro siku mbili zaidi. Tulipotoka nje mwenzangu akaninong'oneza, "Dada, ile ni chai." Nilishtuka sana, maana kwetu chai ni hongo, nikajua meneja amekula pesa ya mradi. Nilikuwa tayari kuandika ripoti. Baadaye nikaambiwa mwenzangu alimaanisha kwamba meneja ametudanganya tu. Neno hili lilipataje maana hizi mbili? Ipi ilitangulia? Na je, ni kweli kama wanavyosema vijana wa ofisini, kwamba hii ya uongo imetoka kwa Wamarekani, ambao umbea wanauita "tea"?

Jibu: Dada yangu, ni heri uliniandikia mimi kabla hujaiandika hiyo ripoti. Mwenzako hakumtuhumu meneja kwa kosa la jinai. Alisema maelezo yake hayaaminiki, basi. Wewe ulisikia sawasawa kwa masikio ya Nakuru, naye alisema sawasawa kwa mdomo wa Dar es Salaam.

Kwa kifupi ni hivi. Chai ya hongo ndiyo kubwa kwa umri, na haijui mpaka: Kenya, Uganda na Tanzania wote wanaielewa. Chai ya uongo ni changa, ni ya Watanzania, na imekomaa katika mitandao ya kijamii. Ya pili haikuzaliwa na ya kwanza, wala haikuletwa kutoka Marekani. Zote zimetoka kwenye birika moja, ila kila moja imepita mlango wake, na ni milango hiyo ndiyo inayofaa kuangaliwa kwa utulivu.

Asili ya neno ni China. Huko jani hili lina majina mawili makubwa. Sehemu nyingi huitwa cha. Katika lugha ya Min ya Kusini, inayosemwa pwani ya Fujian, huitwa te. Waholanzi walinunua chai yao kwa watu wa Fujian, wakaondoka na te, na ndiyo maana Waingereza, Wafaransa na Wajerumani wanaanza jina la kinywaji hiki kwa t. Walioipokea kwa njia ya nchi kavu walichukua cha. Uajemi ikawa chay, na kwa umbo hilo ikaenea Urusi, Uturuki na India. Sisi tuko upande huo. Kiarabu sanifu hakina sauti ya ch, wao husema shay. Kwa hiyo chai yetu ina alama ya Waajemi na Wahindi wa biashara ya Bahari ya Hindi, tofauti na kahawa, ambayo ni Kiarabu kitupu. Hata mchaichai wa uani, ambao si mchai bali ni nyasi yenye harufu nzuri, umepata jina kwa kutiwa kwenye birika.

Neno lilianza kutoka nje ya kikombe kwa njia ambayo hatuioni tena kwa kuizoea: chai ikawa mlo. Mtu akikuuliza asubuhi "umekunywa chai?" haulizi kinywaji. Unaweza kumjibu ndiyo ilhali ulikunywa uji wa ulezi na kiazi cha kuchemsha. Vitabuni tuna kifungua kinywa, kiamshakinywa, chamshakinywa na staftahi; mdomoni mwa watu wengi ni chai. Mkubwa wa kazi akisema "tukutane baada ya chai" anataja saa. Na mgeni akiambiwa "karibu chai", anaitwa mezani, hata kama mezani kuna chapati, maharage na supu. Hapo ndipo chai ilipopata uzito wake wa kijamii: ni kitu kidogo kuliko vyote ambacho mwenye nyumba anaweza kumpa mtu bila kuona haya, na ni kitu ambacho mgeni hawezi kukikataa bila kumvunjia mwenyeji heshima.

Hali hiyo haikuwa ya tangu na tangu. Katika nchi zetu chai ya kila nyumba ni jambo la karne ya 20. Wajerumani waliijaribu Amani, katika milima ya Usambara, mwanzoni kabisa mwa karne hiyo, kisha Rungwe; kilimo cha biashara Tanganyika kilianza 1926. Kenya mche wa kwanza ulipandwa Limuru mwaka 1903, na katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya Kiingereza yakafungua mashamba makubwa ya Limuru na Kericho. Mkulima mdogo Mwafrika alikaa nje ya zao hili kwa muda mrefu. Mlango ulianza kufunguka miaka ya 1950, na KTDA, chombo cha kuwahudumia wakulima wadogo, kiliundwa 1964. Nakutajia miaka hii kwa sababu moja. Huwezi kuiita fedha "ya chai" mpaka chai iwe rahisi kiasi kwamba kila mtu anainywa na kila mtu anajua bei yake. Kwa hiyo anayekuambia kwamba chai ya hongo ni msemo wa wahenga, mwulize wahenga gani. Ni msemo wa mjini, wa ofisi, wa kituo cha basi, wa watu wenye kikombe mkononi na sarafu mfukoni.

Sasa mlango wa kwanza, wa hongo. Wengi hueleza kwa urahisi kwamba mla rushwa anaficha aibu kwa kutumia jina la kinywaji. Ni kweli, lakini haitoshi. Swali lenye faida ni hili: kwa nini kuficha huko kunakubalika haraka namna ile, bila yeyote kuhitaji kufafanuliwa? Jibu langu ni kwamba Kiswahili kilikuwa na mazoea hayo karne nyingi kabla ya chai, na mazoea yenyewe yalikuwa ya heshima.

Tazama ada za pwani. Kijana akioa, baba wa bibi harusi hupewa kilemba, na mama hupewa mkaja. Kilemba ni nguo ya kichwani, mkaja ni nguo ya kufunga tumbo la mzazi. Kinachotolewa siku hizi ni fedha, na jina halikubadilika. Fundi akimaliza kumfunza mwanafunzi, naye hupewa kilemba chake. Bwana harusi anapofika mlangoni hutoa kifungua mlango, na kuna kiosha miguu, na kuna kipa mkono. Msibani watu hutoa ubani. Ubani ni uvumba wa kufukiza, lakini bahasha unayomkabidhi mfiwa ina noti, na hakuna anayeona ajabu. Ukienda kumwona mzazi aliyejifungua unamwachia "ya sabuni". Katika mambo haya yote fedha inapita kutoka mkono kwenda mkono, na katika yote lugha inakataa kuitaja kwa jina lake. Inataja kitu ambacho fedha hiyo ingeweza kununua, kisha kitu hicho kinasimama mahali pa fedha. Mpokeaji haonekani amelipwa, anaonekana ameheshimiwa.

Hiyo ndiyo sarufi ambayo chai ya hongo imeiazima. "Ya chai" imekaa palepale pa "ya sabuni": neno fedha limeng'olewa, kikabaki kiunganishi na kitu chenye upole. Ndiyo maana haikuhitaji mwalimu. Msikilizaji yeyote aliyelelewa katika lugha hii ameshafundishwa na harusi na misiba kuyasikia maneno ya namna hiyo kama adabu. Mla rushwa hakubuni kitu. Aliingia katika nyumba ya ada na kuvaa kanzu ya mwenyewe, na ukiniuliza mimi, huo ni wizi wa pili juu ya ule wa fedha, kwa kuwa unaharibu maneno ambayo watu wema wanayahitaji.

Sikiliza jinsi sentensi zake zinavyojengwa. Kwenu utaambiwa barabarani, "Madam, wazee hawajakunywa chai." Hakuna ombi ndani yake. Hakuna "nipe". Mnenaji hayumo, waliomo ni "wazee", wengi, wenye umri, wanaostahili kuangaliwa. Kinachotajwa ni tumbo, na tumbo lenye njaa kila mtu analihurumia. Nawe unabaki na kazi ya kuikamilisha sentensi mwenyewe, kwa mkono. Ukiitoa, aliyesema anaweza kuapa kwamba hakudai. Au utasikia "toa kitu kidogo", ambayo Wakenya wameifupisha hadi herufi tatu, TKK. Kwa upande wa huku utasikia zaidi "tuachie basi hata ya soda" au "ya maji". Kinywaji kimebadilika, ujenzi ni uleule, na siku hizi hata "ya vocha" imeingia, kwa sababu simu nayo imekuwa riziki ya kila siku.

Kuna kipimo cha kumtofautisha mgeni na mdai, na kimo ndani ya ada zenyewe. Ubani, kilemba, sabuni, vyote vina wakati wake, vinatolewa mbele za watu, na mtu asiyenacho hanyimwi haki yake: mfiwa hamkatazi maskini kuzika pamoja naye. Chai ya hongo hutangulia huduma, hutolewa pembeni, na asiyeitoa hupoteza haki aliyokuja nayo. Jina linafanana, mwendo haufanani.

Ndugu zake wa zamani wamepita njia tofauti na yake. Rushwa ni Kiarabu, na tangu iingie haijawahi kuwa na maana njema. Hongo ndiyo yenye historia ya kusisimua. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilipotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, watawala wa njiani, hasa wa Ugogo, walitoza hongo: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba. Wasafiri wa Kizungu Burton, aliyepita huko 1857, na Stanley, aliyepita 1871, wote wameandika kwa uchungu jinsi walivyobishana juu ya kiasi. Lakini hongo ile ilikuwa ushuru. Ilidaiwa hadharani, ilijadiliwa mchana kweupe, na aliyeilipa alipewa njia na maji ya visima ambavyo wenyeji walivichimba katika nchi kavu. Mfumo wa watawala wale ulipovunjwa na ukoloni, neno lilibaki bila kazi yake ya halali, likaangukia maana ya leo. Hongo ilikuwa na heshima ikaporomoka. Chai ilikuwa kinywaji kisicho na hatia ikapewa kazi chafu.

Na kama unadhani mvutano kati ya ukarimu na rushwa ni jambo la maneno tu, kumbuka takrima. Tanzania ilibadilisha sheria ya uchaguzi mwaka 2000, ikaruhusu wagombea kutoa vitu kwa nia njema kama ukarimu wa kimila. Neno lililotumika ni takrima, la heshima tupu, lenye mzizi mmoja na karamu na ukarimu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na asasi nyingine wakalipeleka jambo mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavitupa vifungu hivyo kwa kuwa vinakwenda kinyume na Katiba: vilimpendelea mgombea mwenye fedha na kumbagua asiye nazo. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waisome hukumu ile kama somo la lugha. Majaji walikataa neno zuri lisifunike kitendo.

Tusijione peke yetu, maana ulimwengu mzima umeshawahi kupitia mlango huu. Warusi hutoa bakshishi "ya chai". Wahindi wana chai-pani, yaani chai na maji, ambayo kutegemea sauti ni takrima au ni rushwa. Hong Kong, kabla ya tume yao ya kupambana na rushwa kuundwa 1974, wahudumu wa gari la wagonjwa waliweza kudai "pesa ya chai" kabla ya kumbeba mgonjwa. Malaysia ni pesa ya kahawa. Angola ni gasosa, yaani soda. Kinshasa husema madesu ya bana, maharage ya watoto, na mfano huo ndio unaoniuma kuliko yote, kwa sababu umeleta hadi watoto wa mdai mezani. Lakini unaotufaa zaidi ni matabiche ya Kongo. Imetoka katika matabicho ya Kireno, yaani cha kuua mdudu wa tumboni, kile kinywaji au kitafunwa cha asubuhi. Angola na Msumbiji hadi leo ni jina la mlo wa asubuhi. Kongo ikawa bakshishi na hongo. Mlo wa asubuhi ukageuka rushwa, hatua kwa hatua kama ilivyokuwa kwa chai yetu, bila lugha hizi mbili kuazimana. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema lazima sisi tuliichukua kwa Wahindi. Inawezekana neno kukutana na ndugu yake, lakini mazingira yaleyale huzaa msemo uleule: rushwa ndogo popote huchukua jina la kitu cha bei ndogo ambacho kila mtu hukitumia.

Tuje upande wa Dar es Salaam. Mtu akisimulia jinsi alivyokaa kwenye ndege karibu na bilionea, wakazungumza, akapewa namba ya simu, msikilizaji humjibu neno moja: "Chai." Mwingine ataongeza, "Hii chai imezidi sukari." Wa tatu, "Leteni na vitafunwa." Wa nne atauliza kama kuna tangawizi. Katika majukwaa ya mtandaoni huo umekuwa mchezo kamili wenye kanuni zake: uongo mtamu mno una sukari nyingi, uongo uliotungwa vibaya hauna majani, na msimulizi anayeendelea baada ya kushtukiwa anaambiwa anatunywesha. Maneno mengine ya mtaani yenye kazi hiyo yapo, kamba na fiksi, lakini hayana utajiri huu. Kamba unaipiga tu. Chai unaichemsha, unaikoleza, unaimimina, unaikaribisha. Neno lenye vifaa vingi hivyo lina maisha marefu, na ninaamini hili litadumu.

Lilifikaje huko? Angalia jiko lote la Kiswahili utaona kwamba uongo una makao yake humo tangu zamani. Anayezidisha habari ametia chumvi. Takwimu za uongo zimepikwa. Fitina ni majungu, na jungu ni chungu kikubwa cha kupikia. Ndiyo maana majungu nayo hupikwa. Lugha yetu inaona habari kama chakula: kuna anayeitayarisha, kuna viungo, kuna anayelishwa. Maelezo ya kweli hayahitaji mpishi. Kwa hiyo habari iliyopita mikononi mwa mpishi inashukiwa. Chai iliingia katika familia hii ikiwa na sifa moja ya ziada, kwamba ndiyo kinywaji cha maongezi. Mtu haketi na kikombe cha chai ili atoe ushahidi. Anaketi apitishe muda, na katika kupitisha muda hadithi hunenepa. Msemaji wa Dar es Salaam anapoita habari chai, anairudisha mahali pake: hii ni ya vikombe, usiitumie kufanyia uamuzi.

Kuna tofauti ya uzito hapo ambayo wewe kama mgeni unapaswa kuijua. "Mwongo" ni tusi, na kumwambia mtu mzima hivyo ni kuanzisha ugomvi. "Chai" inaikataa habari bila kumvunja mwenye habari. Inaacha nafasi ya kucheka pamoja. Mwenzako, kwa kusema "ile ni chai", alikuwa mpole kwa meneja kuliko unavyodhani.

Sasa Wamarekani. Vijana wenu hawakukosea kwamba kule kuna matumizi ya namna hiyo. Yalianza miongoni mwa Wamarekani weusi, katika jamii za mashoga na wasanii wa maonyesho wanaovaa kike, na kwa wengi wao ilikuwa ni herufi T, kifupi cha neno lao la "ukweli". Yamo kitabuni tangu 1994, katika masimulizi ya mji wa Savannah, Georgia, kabla intaneti haijayasambaza duniani. Lakini tazama yanasema nini: kule "tea" ni habari ya ndani, ukweli uliokuwa umefichwa. Kwetu chai ni habari isiyo ya kweli. Ni kinyume kabisa. Neno likiazimwa maana yake huweza kupanuka au kusinyaa. Kupinduka namna hii, miguu juu, kunataka ushahidi mzito, na ushahidi wa matumizi unaelekea kwingine.

Ushahidi wenyewe ni ubuyu. Nafasi ya umbea mtamu, habari za ndani za watu maarufu, Tanzania tayari ilikuwa na mwenyewe. "Mwaga ubuyu" ndiyo tafsiri halisi ya kile Wamarekani wanachoita kumwaga chai. Na ulistahili kazi hiyo: mbegu za mbuyu zilizopikwa kwa sukari, rangi na viungo, kama wanavyozitengeneza Zanzibar, hazitafunwi zikaisha. Unaweka moja mdomoni, unaifyonza taratibu hadi utamu uishe, unatema kokwa, unachukua nyingine. Umbea nao huliwa hivyo, habari moja baada ya nyingine, na mkono haukomi. Kwenu nyumbani mngesema mucene au udaku. Kama chai ingekuwa imetoka Marekani, ingekuja kugombea kiti cha ubuyu. Haikufanya hivyo. Vyote viwili vinakaa katika sentensi moja bila kugusana: "Aliahidi kutupa ubuyu, kumbe ni chai." Mtanzania anayesema hivyo anatofautisha umbea wa kweli na wa kutunga, na Mmarekani kwa neno lake moja hawezi.

Namna ya kuzijua zisikuchanganye tena ni kusikiliza kitenzi. Ikiwa chai inatolewa, inadaiwa, inaombwa au inaachwa, hasa ikiwa imetanguliwa na "ya" bila kutaja ni nini cha chai, iweke upande wa hongo, huku na kwenu. Ikiwa ni jina la habari yenyewe, yaani "hii ni chai", "chai hiyo", "chai tupu", "acha chai", basi ni uongo, na anayesema ni wa huku. Ikiwa inanywewa na msemaji mwenyewe, ni chai ya birika. Lakini "kunywesha" chai ni uongo tena: "ametunywesha chai" inamaanisha ametudanganya, wala hakuna kikombe kilichoosha mtu koo. Na "kula" haiingii popote na chai. Hongo huliwa, rushwa huliwa, chai haijawahi kuacha kuwa kitu cha majimaji. Wakaao mipakani, Namanga na Sirari, huzisikia zote ndani ya saa moja na hawakosei, kwa sababu wameshika kitenzi.

Kuhusu ripoti yako. Usitumie neno hili katika maandishi ya kazi kwa maana yoyote kati ya hizi, labda unanukuu mtu kwa alama za nukuu. Kama siku moja utakuwa na ushahidi wa fedha iliyotolewa ili kazi ifanyike au isifanyike, andika rushwa au hongo, andika nani, lini na kiasi gani. Sheria ya Tanzania ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haina habari na jina ulilolipa tendo, inaangalia manufaa yaliyotolewa; na sheria ya hongo ya Kenya ya 2016 ni vivyo hivyo. Na kama una mashaka na maelezo ya gari lile la Morogoro, uliza kitabu cha safari na stakabadhi za mafuta, kisha andika kwamba maelezo hayalingani na kumbukumbu.

Mwenzako naye, akikunong'oneza tena, unaweza kumjibu, "Hata mimi nimeona sukari imezidi." Atacheka, na atajua umeshakuwa mwenyeji.